Je, wajua kwa nini 4,294,967,297 si namba tasa?

Nilipokuwa nafundisha tuisheni Mbagala, niliwahi kuwaapia wanafunzi kwamba 4,294,967,297 ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Ushahidi wangu ulikuwa kikokotoo cha tarakimu 12 kutoka Kariakoo (cha dukani hicho, si kile cha mafao) na subira iliyoishia 97. Nilijaribu namba tasa zote 25 zilizo chini ya 100, kila mara ikaja desimali, nikafunga mjadala.

Kumbe hata robo ya safari sikufika. Ili kuwa na uhakika kwa njia ile, ni lazima ujaribu mpaka kwenye kipeuo cha pili cha namba yenyewe, ambacho hapa ni 65,536 na chembe. Chini ya hapo kuna namba tasa 6,542. Mimi ni kama mtu aliyesimama Coco Beach dakika mbili, hakuona papa, akatangaza kwamba Bahari ya Hindi haina papa.

Angalau nina mwenzangu. Mwaka 1640 mwanasheria Mfaransa, Pierre de Fermat, alitazama mfuatano huu: 3, 5, 17, 257, 65,537. Ukichukua yoyote, ukatoa 1, ukazidisha jibu kwa lenyewe, ukaongeza 1, unapata inayofuata. Zote tano ni tasa. Fermat akaamini zitaendelea hivyo, ingawa alikiri kuthibitisha kumemshinda. Ya sita ndiyo hii yetu, na mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi, Leonhard Euler, akaonyesha kuwa ni 641 × 6,700,417.

Kwa nini 641? Chora saa yenye namba 17, kuanzia 0 hadi 16. Anza kwenye 1, kila hatua zidisha kwa 2, na ukivuka 16 toa 17. Utapita 1, 2, 4, 8, 16, 15, 13, 9, kisha umerudi 1, kama daladala iliyomaliza ruti ya vituo 8. Sasa panda kwenye 3, ambayo hatukuigusa: 3, 6, 12, 7, 14, 11, 5, 10, halafu 3 tena. Vituo 8 vilevile. Kilichobaki ni 0 tu, maana sifuri mara mbili ni sifuri, haiendi kokote. Ruti mbili za vituo 8, jumlisha 1: 17.

Saa ya kigawo tasa chochote cha namba yetu, yaani namba tasa inayoigawa bila baki, nayo hukatika hivyohivyo, ila ruti zake ni za vituo 64 kamili. Kwa hiyo kigawo hicho lazima kiwe kigawe cha 64 (64, 128, 192 na kuendelea), ongeza 1. Namba tasa za aina hiyo huanza 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano tu! Zile 25 zangu hazikuwa na nafasi hata moja.

Hadi leo haijapatikana tasa nyingine kwenye mfuatano huo. Kuanzia hii yetu, namba 28 mfululizo zimethibitishwa kuwa si tasa. Inayofuata ina tarakimu zaidi ya bilioni 2.5, na bado hakuna anayejua kama ni tasa. Kikokotoo changu, kama nilivyosema, kina nafasi 12.