Je, wajua? Kano ya kisigino si kamba moja

Shika nyuma ya mguu wako, juu kidogo ya kisigino, kidole gumba upande huu na cha shahada upande ule. Sasa simama kwa ncha za vidole vya miguu. Kile kitu kilichokuwa kinabonyea kidogo kimekaza kama waya. Hiyo ndiyo kano ya kisigino, nene kuliko kano zote mwilini, inayounganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Ukikimbia hubeba mzigo unaozidi uzito wako mara sita au zaidi, hatua baada ya hatua, wala husikii chochote. Mpaka asubuhi moja unashuka kitandani na hatua ya kwanza inakutoa machozi.

Kwa macho, kano ni kamba tu. Msuli unavuta huku, mfupa unafuata kule. Lakini ndani yake kunatokea nini inapovutwa? Na utajuaje bila kumpasua mtu? Swali hili limekula miaka ya wanafunzi wengi wa shahada ya uzamivu, na bado halijaisha utamu.

Kuna waliothubutu kupasua. Nchini Finland, mtafiti Paavo Komi na wenzake waliwawekea watu wa kujitolea kifaa kidogo chenye umbo la bizimu ya mkanda, kikaivaa kano yenyewe chini ya ngozi, kisha watu hao wakakimbia. Kipimo kilifika takriban nyutoni 9,000, yaani kama kano imening'inizwa mzigo wa kilo mia tisa hivi. Ni jaribio la ajabu, lakini si la kumfanyia kila mtu. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Japani na Ulaya walianza kutumia njia nyingine isiyohitaji kisu: mashine ya altrasaundi, ileile inayotumika kumtazama mtoto tumboni.

Kichwa cha mashine hiyo, kile kinachopitishwa juu ya ngozi, kina safu ya vipande vyenye tabia ambayo ndugu Pierre na Jacques Curie waliionyesha kwenye fuwele mwaka 1880: ukivibana vinatoa umeme. Kinyume chake ni kweli pia, ukivipa umeme vinatikisika na kutoa sauti. Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde. Kwa kano hutumika mitetemo milioni kumi hivi. Sauti inapenya mwilini kwa kasi ya takriban mita 1,540 kwa sekunde, inagonga mpaka kati ya kitu na kitu, na mwangwi unarudi. Kitu kilicho sentimita mbili chini ya ngozi hurudisha mwangwi kabla hazijapita sehemu 30 za milioni moja ya sekunde. Mashine inahesabu muda huo na kuchora nukta. Ile jeli baridi unayopakwa kazi yake ni kufukuza hewa, maana sauti ikikutana na hewa hugeuka ikarudi ilikotoka.

Kwenye skrini kano nzima hupendeza kuitazama. Ni mistari myeupe iliyolala sambamba, kama ukili uliosukwa kwa mkono mtulivu. Hizo ni alama za mafungu ya nyuzi za kolajeni, protini inayoipa kano uimara wake. Tatizo ni kwamba nyuzi hizo huakisi sauti kama kioo kinavyoakisi mwanga. Uinamishe mkono digrii chache tu na mwangwi utaenda pembeni. Pale palipokuwa peupe pataingia giza. Na giza kwenye kano ndiyo alama ileile ya jeraha. Mgeni wa kazi anaweza kutangaza mchaniko ambao haupo, kisha akanyoosha mkono na mchaniko ukapona papo hapo.

Hiyo ni picha iliyotulia. Anayesoma nguvu za kano anataka kuona mwendo, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Njia ya kwanza ni ya kulifuata ungio, mahali msuli unapoishia na kano inapoanzia. Mguu unafungwa kwenye bamba la mashine ya kupima nguvu, mtu anasukuma kama anayekanyaga mafuta, na kwenye skrini ungio linaonekana likipanda. Tuseme mashine inasoma nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 150. Kano iko kama sentimita 5 kutoka katikati ya kifundo cha mguu, kwa hiyo gawanya: kano inavuta kwa nyutoni 3,000. Ungio limesogea sentimita moja? Basi unajua kano imerefuka kiasi gani kwa nguvu ipi.

Ingekuwa rahisi hivyo, tasnifu ingeandikwa kwa wiki. Kisigino, hata kikifungwa kwa mikanda, huinuka kidogo mtu anaposukuma, na kuinuka huko hujifanya kurefuka kwa kano. Kichwa cha altrasaundi nacho huteleza juu ya ngozi. Ndiyo maana watafiti hubandika kipande chembamba cha utepe kwenye ngozi, nacho hutupa kivuli cheusi kwenye picha. Kivuli kikisogea, ujue aliyesogea ni wewe. Milimita moja ya kosa hapa ni kubwa, maana kano ya watu wengi inaposukuma kwa nguvu zote hurefuka asilimia chache tu.

Njia ya pili ndiyo iliyoleta habari mpya. Tazama picha ya altrasaundi kwa karibu utaona chembechembe, kama mchanga uliomwagwa. Chembe hizo si vitu halisi. Ni miangwi mingi midogo inayogongana, mingine ikiongezana, mingine ikifutana. Lakini mpangilio wake ni kama alama ya kidole ya sehemu ile ya kano, na kano ikisogea mpangilio husogea nayo. Programu ya kompyuta hukata kidirisha kidogo kwenye picha ya kwanza, hukitafuta kilipo kwenye picha ya pili, kisha ya tatu, na kuendelea. Kwa njia hiyo unafuatilia kila tabaka la kano peke yake.

Zilipofuatiliwa hivyo, tabaka hazikutembea pamoja. Watafiti wa Sweden, na baadaye kundi la Darryl Thelen katika Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, Marekani, walionyesha kwamba sehemu ya ndani ya kano ya kisigino husogea zaidi kuliko ile iliyo karibu na ngozi. Ukiijua misuli inayoivuta hushangai sana. Kano hii inaundwa na mikono mitatu: vichwa viwili vya msuli wa juu wa shavu, unaovuka goti, na msuli bapa wa chini yake, usiovuka. Kila mmoja una fungu lake la nyuzi, na mafungu hayo yamesokotwa yakishuka kuelekea kisiginoni. Kunja goti, na msuli wa juu unalegea huku wa chini ukiendelea na kazi. Mafungu lazima yateleze moja juu ya jingine. Kwa hiyo tunachokiita kamba ni kamba kadhaa ndani ya ala moja.

Msokoto huo pia ndio adui wa programu: nyuzi zikizunguka zinatoka nje ya ubao mwembamba ambao mashine inaupiga picha, na alama ya kidole inapotea. Kasi nayo ni tatizo. Mguu wa mkimbiaji hukaa chini karibu robo ya sekunde. Kwa mashine ya picha 30 kwa sekunde utapata picha saba au nane na hadithi imekwisha. Kwa sababu hiyo, kabla ya kumgusa binadamu, mwanafunzi makini huanza kwa kuvuta kano ya mnyama kwenye mashine maabara, akilinganisha jibu la programu na mwendo anaoujua kwa uhakika.

Sasa, jeraha. Kano inayouma kwa muda mrefu huonekana nene, mistari yake imevurugika, ina mabaka meusi, na ukiwasha kipimo cha Dopla, kinachoonyesha damu inayotembea, unaona mishipa ya damu mahali ambapo kwa kawaida haionekani. Lakini wapo wenye picha mbaya wasioumwa hata kidogo, na wapo wanaochechemea na picha yao ni safi. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kuacha kutegemea umbo na kwenda kwenye mwendo. Kuteleza kule kwa tabaka kumeonekana kupungua kwa watu wa makamo wakilinganishwa na vijana, na kano iliyokatika ikaungwa hutembea kama kipande kimoja.

Je, kupungua huko ndiko kunakoleta maumivu, au ni kovu la maumivu yaliyopita? Kulijibu hilo kunataka kuwafuata watu walewale tangu wakiwa wazima, na kano haina haraka. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walipima ndani ya kano za watu kaboni ya mionzi iliyosambazwa angani na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960. Walikuta kiini cha kano ya kisigino hakibadilishwi tena baada ya umri wa miaka 17 hivi: mtu wa miaka 50 anatembelea nyuzi alizozisuka akiwa kijana. Na shahada ya uzamivu huchukua miaka mitatu, minne, mwenye bahati mbaya sita.