2,147,483,647: namba ya kuijua kabla minada ya korosho haijaanza

Mhasibu wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima), awe Tandahimba, Newala au Masasi, anayejumlisha mauzo kwa programu ya kompyuta anapaswa kuifahamu namba hii. Programu iliyotengewa nafasi 32 kwa kila namba nzima haiwezi kuhifadhi shilingi inayozidi hapo.

Kompyuta huhesabu kwa 0 na 1 tu, na kila nafasi ina thamani mara mbili ya iliyotangulia: 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea. Kati ya nafasi 32, moja huonyesha chanya au hasi. Zinabaki 31. Zote zikijaa 1, jumla ni 2 kwa kipeo cha 31, ukitoa 1, na hapo ndipo mwisho.

Tuseme chama kimeuza tani 800 kwa shilingi 3,000 kwa kilo. Kilo 800,000 mara 3,000 ni shilingi 2,400,000,000. Programu ya aina hiyo inaweza kuandika −1,894,967,296, kwa sababu hesabu ikipita kikomo huangukia upande wa hasi, pungufu kwa 4,294,967,296 kamili. Karani ataanza kushukiwa wizi bila kosa lolote, na jambo hilo linaniuma. Mwambieni fundi wenu aingize mauzo ya majaribio ya 2,147,483,648. Jibu likija hasi, au programu ikigoma, fedha zihamishiwe kwenye nafasi 64.

Kompyuta zinazohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa nafasi 32 zitagonga kikomo hichohicho 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa zetu.

Walimu wa hisabati wana cha ziada hapa: namba hii ni tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Leonhard Euler wa Uswisi alithibitisha hivyo mwaka 1772, akiwa karibu haoni kabisa. Kwa njia ya kawaida angejaribu kuigawa kwa kila namba tasa hadi 46,340, nazo ni zaidi ya 4,000. Yeye alionyesha kwanza kwamba kigawo chake chochote kilicho tasa, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Hadi 46,340, namba za namna hiyo hazifiki 400. Wanafunzi wetu wafundishwe hivyo: kupunguza kazi kwa kufikiri kabla ya kushika kalamu.

Si kila namba ya umbo hili ni tasa. 2 kwa kipeo cha 11, ukitoa 1, ni 2,047, yaani 23 mara 89. Kikomo cha nafasi 64, 9,223,372,036,854,775,807, nacho si tasa. Kipeo chake ni 63, na 63 inagawanyika kwa 3. Kwa hiyo namba yote inagawanyika kwa 2 kwa kipeo cha 3, ukitoa 1, ambayo ni 7. Igaweni ubaoni: jibu ni 1,317,624,576,693,539,401, bila baki.