Asidi Haichori Nakshi: Maelezo kwa Mafundi wa Visu vya Kebo ya Chuma

Katika miezi ya karibuni tumepokea malalamiko ya majirani wa karakana kuhusu maji ya rangi ya kutu yanayomwagwa mitaroni na harufu inayokaba koo nyakati za jioni. Katika kufuatilia tumebaini kuwa chanzo kimojawapo ni kazi ambayo yenyewe haina ubaya, ya mafundi wanaofua kebo kuukuu za winchi na kreni kuwa visu, kisha wakavichovya katika asidi ili nakshi itokeze kabla ya kuvipeleka kwa wauzaji wa Mji Mkongwe. Hatukusudii kuizuia kazi hii, ila tunataka ifanywe kwa dawa inayofaa na mabaki yake yasiishie visimani.

Dhana inayotusumbua zaidi ni ile ya kuamini kuwa asidi ikizidi ukali, nakshi nayo huzidi uzuri. Si kweli, na tumechoka kulieleza jambo hili. Nakshi imo ndani ya chuma tangu kilipokuwa juu ya fuawe, kwani nyaya za kebo zinapoungana kwa moto na nyundo, uso wa kila waya hupoteza sehemu ya kaboni yake, na mistari ya maungio ndiyo inayobaki myeupe pale sehemu nyingine za bapa zinapogeuka nyeusi. Kama maungio hayakushika, asidi itaonesha nyufa, na hakuna dawa ya dukani itakayozifuta.

Kwa hiyo hakuna sababu ya kutumia maji ya betri. Hiyo ni asidi ya salfuriki, ambayo hukichimba chuma vishimo na kutoa gesi ya haidrojeni inayowaka, jambo ambalo mtu mwenye tanuri hatua chache kutoka hapo angepaswa kuliogopa bila kuambiwa. Dawa inayofaa ni feriki kloraidi, ile ya rangi ya kahawia ambayo mafundi wa redio huitumia kula shaba ya bodi. Yule aliyenunua maji yake ya asilimia 40 achukue kipimo kimoja kwa vipimo vitatu au vinne vya maji, na aimimine dawa ndani ya maji kidogo kidogo. Aliyenunua ya mabonge awe mwangalifu zaidi, kwa sababu mabonge hayo huchemka na kutoa mvuke mkali yanapokutana na maji.

Fundi asinunue dawa iliyokwisha kutumiwa na fundi wa redio eti kwa kuwa ni rahisi. Kisu kimoja kilicholetwa maabara kilikuwa na madoa mekundu kwenye bapa, na mwenyewe alidhani ni kutu. Ilikuwa shaba, iliyotoka kwenye dawa na kuganda juu ya chuma.

Bapa likiwa limekwisha kukazwa kwa moto na kusuguliwa, lioshwe kwa sabuni mpaka maji yatandae juu yake bila kujikusanya matone, na lisishikwe tena kwa vidole vitupu. Litundikwe ndani ya chombo cha plastiki au kioo, wala si sufuria, kwa dakika tano hadi kumi, litolewe, lifutwe utando mweusi kwa msasa laini kabisa, kisha lirudishwe hadi mistari ikolee. Siki nyeupe iliyopashwa moto nayo hufanya kazi, ingawa kwa polepole, na kwa anayefanyia kazi uani penye watoto tungependelea aanze na hiyo.

Kuhusu kebo zenyewe, nyingi zinazotoka melini zimepakwa zinki, na waya wa ndani umepakwa sawasawa na wa nje, hivyo kupiga tupa juu juu hakusaidii. Zinki huchemka kwenye nyuzi joto 907, ilhali kuunganisha chuma kwa kufua huhitaji zaidi ya 1,200. Moshi wake mweupe huleta homa na baridi saa chache baadaye, ambayo wengi huidhania malaria. Kebo ya namna hiyo isitiwe tanurini.

Mabaki ya dawa ndiyo yanayotuleta kwenye sheria. Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye matundu, na kinachomwagwa karoni au mtaroni hakichukui muda kufika kwenye maji tunayoyachota. Mabaki yatiwe ndani ya ndoo pana ya plastiki, mahali pa wazi, na yaongezwe magadi ya kupikia kijiko kimoja kimoja mpaka povu likome. Ndoo isifunikwe kabla povu halijakoma, kwani gesi inaweza kuupasua mfuniko. Tope likishatuama lihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, kilichoandikwa jina la kilichomo na tarehe, na kisiwe chupa ya maji ya kunywa. Lebo ya dukani isibanduliwe kwenye chombo cha dawa, na risiti ya ununuzi itunzwe, kwa sababu mkaguzi huanza na vitu hivyo viwili, na asiyekuwa navyo huonekana ana la kuficha hata kama hana. Usimamizi wa taka hatari uko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar Namba 3 ya mwaka 2015, na kutojua kilichokuwamo ndani ya ndoo hakumwondolei mtu dhima. Mwenye tope lililochanganyika na shaba asilimwage popote, bali aje nalo ofisini kama lilivyo, katika chombo chake.