Je, wajua kwa nini "mtume" na "mtumwa" ni maneno ya shina moja?

Waraka wa Paulo kwa Warumi unaanza na maneno haya katika Biblia ya Muungano: "Paulo, mtumwa wa Kristo Yesu, aliyeitwa kuwa mtume." Kwa miaka mingi niliyasoma nikidhani kwamba Paulo anashuka kwanza kwa adabu, kisha anapanda na kutaja cheo chake. Katika mawazo yangu utume ulikuwa ngazi ya juu, mahali pa wale wanaohubiri na kuongoza, na utumishi ulikuwa ngazi ya chini, mahali pa wale wanaofagia, wanaopanga viti na kuwaangalia wagonjwa. Hata nilipomsikia mtu akisema kwamba kiongozi wa Kikristo ni mtumishi, nilielewa kuwa ni mkubwa anayekubali kuinama mara mojamoja. Nilikosea, na sarufi ya Kiswahili ingeweza kunisahihisha mapema kama ningeisikiliza.

Maneno yote hayo yanatoka katika kitenzi "tuma". Kiishio -e hutaja aliyetendwa: aliyeumbwa ni kiumbe, aliyeshindwa ni mshinde, na aliyetumwa ni mtume. Mtumwa naye amebeba alama ya wazi ya kutendwa, yaani -w-, kwa hiyo ni yule anayetumwa. Mtumishi ametokana na "tumika", ambapo sauti k imegeuka sh mbele ya i, kama vile anayepika anavyokuwa mpishi na anayeandika anavyokuwa mwandishi. Inashangaza kwamba neno tunalolitamka kwa heshima kubwa kuliko yote haya halina ndani yake dalili yoyote ya ukubwa. Linasema tu kwamba yuko mwingine aliyetuma.

Mfikirie mtu aliyepewa barua aipeleke mbali. Hakuiandika, hana ruhusa ya kuongeza mstari, wala hakuchagua atakayeipokea. Akifika na kupewa kiti cha heshima, heshima hiyo ni ya mwenye barua. Akifukuzwa, aliyekataliwa hasa ni mwenye barua. Sasa mfikirie mwingine aliyetumwa kisimani kuwatekea maji wageni wa bwana wake: maji si yake, na kiu anayoiondoa si yake. Mmoja amebeba neno, mwingine amebeba mtungi, lakini wote wawili wanakwenda kwa miguu yao kutimiza nia ya mwingine. Ndiyo maana anayeshuhudia imani yake kwa kutafuta sifa anaiharibu kazi ileile anayodai kuifanya: ameifungua barua njiani na kuandika jina lake juu yake.

Hata hivyo, hoja hii ina mpaka. Undugu huu wa maneno ni wa Kiswahili. Kigiriki, lugha ya Agano Jipya, kina "doulos" kwa mtumwa, "diakonos" kwa mtumishi na "apostolos" kwa mtume, na maneno hayo hayana shina moja. Ni "apostolos" pekee linalotokana na kitenzi cha kutuma. Fundisho la imani, basi, lisijengwe juu ya shina la neno letu. Ushahidi wenye uzito ni maandiko yenyewe.

Nao upo katika Yohana 13. Yesu amekwisha kuwatawadha wanafunzi miguu, Petro amekataa kisha amekubali, ndipo Yesu anaposema: "Mtumwa si mkuu kuliko bwana wake, wala mtume si mkuu kuliko yeye aliyempeleka." Hapo Kigiriki kinaweka "doulos" na "apostolos" sambamba, bila msaada wa shina lolote. Mistari minne baadaye, katika mstari wa 20, anaongeza kwamba anayempokea mtu aliyetumwa naye anampokea yeye mwenyewe, na anayempokea yeye anampokea aliyempeleka. Ahadi hiyo ya kupokewa aliitoa kwa watu ambao miguu yao ilikuwa imetoka tu kuoshwa na yeye anayewatuma.