Kantangaze: Umbo Lake na Nafasi Yake Miongoni mwa Nondo

Mkulima wa nyanya wa Ilula, mkoani Iringa, humfahamu kantangaze kwa uharibifu wake kuliko kwa sura yake, kwa kuwa nondo huyu ana urefu wa milimita 5 hadi 7 tu na mchana hujificha katikati ya majani. Akitazamwa kwa kioo cha kukuzia, huonekana wa kijivu chenye mng'ao wa fedha, mabawa ya mbele yakiwa na madoa meusi, na vipapasio vyake vyembamba vikiwa na pete nyeusi na nyeupe zinazopokezana. Hata hivyo, alama inayofaa zaidi shambani iko kwa kiwavi, ambaye ana utepe mwembamba mweusi nyuma tu ya kichwa. Rangi ya mwili wake haitoshi, maana huanza akiwa mweupe wa maziwa, akawa kijani, kisha huelekea waridi.

Kiuainishaji, kantangaze yumo katika oda ya Lepidoptera, yenye vipepeo na nondo, na familia ya Gelechiidae. Mtaalamu wa wadudu Mwingereza, Edward Meyrick, alimweleza kisayansi mwaka 1917 kwa vielelezo kutoka Peru, akamwita *Phthorimaea absoluta*. Baadaye alihamishwa kutoka jenasi moja (kundi la spishi zilizo karibu kiukoo) hadi nyingine, na mwaka 1994 akawekwa katika *Tuta*, jina ambalo bado limo katika vipeperushi vingi. Mwaka 2021 alirejeshwa *Phthorimaea*. Mdudu ni yuleyule, na anayeuza dawa "ya spishi mpya" kwa hoja ya jina asisikilizwe.

Urejeshaji huo umemweka jenasi moja na nondo wa viazi, *Phthorimaea operculella*, anayewasumbua wakulima wa viazi mviringo wa Mbeya na Njombe. Huyu ni mkubwa kidogo, ana rangi ya kahawia zaidi, na jike lake huonyesha alama kama herufi X mabawa yakikunjwa. Kwa kuwa viwavi wa spishi zote mbili hutoboa majani ya nyanya na ya viazi, si sahihi kumtambua mdudu kwa zao alilokutwa nalo. Uthibitisho hupatikana maabara, kwa kuchunguza viungo vya uzazi vya dume chini ya hadubini. Anayeleta vielelezo kwa wataalamu wa wadudu aweke viwavi katika spiriti, na nondo wakavu katika kiboksi kigumu, bila kuwashika mabawa, kwa sababu vigamba vyenye madoa hubanduka kwa urahisi.