Nyurosayansi ya kikokotozi: seli ya neva ni ndoo iliyotoboka

Nikiwa likizo Kigoma, pale Kibirizi dagaa wakiwa juani, mjomba akaniuliza masters yangu ni ya nini hasa. Nyurosayansi ya kikokotozi, mjomba. "Yaani utatibu vichaa?" Hapana, ni kuuelewa ubongo kwa hesabu na kompyuta. Nikaomba ndoo.

Ilikuwa na tundu chini. Nikamwagia kikombe kimoja cha maji, nikasubiri, yakavuja yote. Nikarudia kwa vikombe vitano harakaharaka, yakapanda hadi alama niliyochora kwa mkaa. "Yakifika hapa, pindua, anza upya."

Seli ya neva iko hivyohivyo. Inapokea umeme kutoka kwa jirani zake, na umeme huo unavuja. Ikiwa imetulia, ndani yake ni takriban milivolti -70 ukilinganisha na nje. Ukiipandisha hadi karibu -55, inafyatua msukumo mmoja na kushuka. Misukumo yenyewe inafanana. Cha kuangalia ni mingapi, na imekuja lini: vikombe vitano vikichelewana, seli iko kimya tu.

Hesabu ya ndoo hii asili yake ni Mfaransa Louis Lapicque, mwaka 1907. Ni kielelezo maskini, na kwangu huo ndio uzuri wake, maana laptopu ya kawaida inaendesha maelfu ya ndoo kwa mpigo. Waingereza Hodgkin na Huxley walichimba zaidi. Walipima neva nene ya ngisi (wa baharini huyo, ziwani kwetu hayupo), na mwaka 1952 wakatoa milinganyo ya jinsi sodiamu inavyoingia kwenye seli na potasiamu inavyotoka. Huxley alikokotoa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono! Nobel wakaipata 1963.

Mimi nashughulika na kifafa. Kwenye kompyuta naunganisha ndoo nyingi: moja ikipinduka, inawamwagia jirani. Nyingine ni wachotaji, kazi yao kupunguza maji ya wenzao. Nikiwadhoofisha wachotaji, ndoo zinaanza kupinduka zote kwa pamoja, tena na tena.

Hapo mjomba akaacha kutania. Jirani yake ana binti mwenye kifafa.

"Sasa si uzibe tundu?"

Ukiziba, mjomba, ndoo inajaa upesi zaidi. Vile vidonge vya fenobabitoni anavyomeza binti vinawaongezea nguvu wachotaji.

"Kumbe ndiyo maana anasinzia."