Taa nyekundu ikiwaka kwenye lori la zamani: pima kwanza, nunua baadaye

Lori lililotengenezwa kabla ya magari kujaa kompyuta lina jambo moja zuri: taa zake za onyo ni balbu, waya na swichi ndogo, basi. Mwenye mita ya umeme na spana chache anaweza kuzifuatilia hadi chanzo. Hata hivyo, malori mengi hufika karakana yakiwa yameshafungwa kifaa kipya, na taa bado inawaka.

Anza na ufunguo. Washa swichi bila kupiga stata, kisha tazama dashibodi. Taa ya oili na ya chaji zinapaswa kuwaka zote mbili. Isiyowaka haikuhakikishii kwamba mambo ni salama. Huenda balbu imeungua, au imechomolewa makusudi. Anayenunua lori lililotumika asiruke hatua hii, maana wauzaji wajanja wapo.

Taa ya oili ndiyo isiyosubiri. Ikiwaka ukiwa barabarani, egesha palipo salama na uzime injini. Usijiambie utafika tu hapo mbele: presha ya oili ikikosekana, chuma kinasugua chuma kwenye beringi za kranki, na injini inaweza kunoki, yaani kufa, ndani ya dakika chache. Subiri oili ishuke, gari likiwa mahali tambarare, kisha chomoa stiki ya kupimia oili. Ikiwa imepungua, ongeza na utafute inakovujia. Ikiwa inatosha, usiwashe injini kwanza.

Swichi ya presha hukaa kwenye bodi ya injini. Presha ikiwa haipo, inaunganisha waya wake na bodi na taa inawaka. Presha ikipanda hadi karibu nusu baa (baa ni kipimo cha presha), inaachia na taa inazima. Kwa hiyo injini ikiwa imezimwa na ufunguo umewashwa, chomoa waya huo na uhakikishe haugusi chuma. Taa isipozima, waya umechunika mahali fulani na unagusa bodi. Ikizima, waya ni mzima, na hapo ndipo wengi hukosea kwa kununua swichi papo hapo. Bado hujajua kama swichi inadanganya au presha kweli haipo. Fundi afungue swichi, afunge geji ya presha kwenye tundu hilohilo, kisha awashe injini kwa muda mfupi. Kipimo cha jumla ambacho mafundi hukitumia ni psi 10 (psi ni kipimo kingine cha presha) kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, injini ikiwa ya moto. Kitabu cha gari lako kikisema vingine, fuata kitabu.

Taa inayopepesa tu injini ikiwa ya moto na resi iko chini ina maana yake. Nusa stiki. Ikinuka dizeli, na kiwango cha oili kinapanda bila wewe kuongeza, mafuta yanavuja ndani na kuifanya oili iwe nyepesi. Isiponuka, fikiria oili ya daraja lisilofaa au beringi zilizolika. Kumwaga oili nzito ili taa izime ni kuficha ugonjwa tu.

Taa ya chaji ina ujanja zaidi. Ikiwaka safarini, tazama mkanda kwanza, kwa sababu kwenye injini nyingi mkanda huohuo unazungusha pampu ya maji. Ukikatika, zima injini kabla haijachemka. Mkanda ukiwa mzima, pima betri. Mfumo wa volti 24 huonyesha takriban 25 injini ikiwa imezimwa na 27.5 hadi 28.5 ikinguruma, wa volti 12 huonyesha takriban 12.6, kisha 13.8 hadi 14.4. Volti zisipopanda, pima kwenye waya mnene wa altaneta yenyewe, yaani mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri. Ukikuta 28 pale na 25 kwenye betri, altaneta haina kosa: umeme unapotelea kwenye kebo, au kwenye tamino zilizoota kutu.

Kwenye altaneta za zamani, taa hii imekaa kati ya swichi ya ufunguo na altaneta, nayo huzima pale volti za pande zote mbili zinapolingana. Ndiyo maana inaweza kuwaka hafifu wakati chaji inaingia vizuri: huenda dayodi moja ya altaneta (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) imekufa, au swichi ya ufunguo inapoteza volti. Zaidi ya hayo, umeme mdogo unaopita kwenye balbu ndio unaoiamsha altaneta. Balbu ikiungua, au ukiweka ya LED, altaneta inaweza kugoma kuchaji hata kama ni mpya.

Kuna jaribio la mtaani la kuchomoa betri injini ikinguruma ili kuona kama itazima. Usilifanye. Volti huruka ghafla na kuua dayodi na regyuleta, yaani kifaa kinachodhibiti volti za altaneta. Tabia ya kuchukua volti 12 za redio kwenye betri moja kati ya mbili za lori la volti 24 nayo iachwe: hiyo moja huchoka mapema, halafu altaneta ndiyo inayolaumiwa.

Kuhusu taa ya upepo wa breki hakuna la kujaribu barabarani. Kwenye malori mengi huwaka presha ikishuka kuelekea psi 60. Simama ungali na breki, weka kabari kwenye magurudumu, kisha sikiliza upepo unavujia wapi.